Mbegu Chini ya Kitanda cha Baba Mkwe

Mwezi wa tatu huku kwetu Timau ni mwezi wa kutazama juu. Watu hutembea shingo zimepinda, wanautazama mlima, wanatazama upande wa Isiolo, halafu wanarudi kwenye mlima. Upepo huzoa vumbi la mashamba ya ngano yaliyolimwa na kulitia kwenye chai ya kila mtu. Mwaka huo mimi nilikuwa nimezidi wote. Nilianza kufua nikaziacha nguo kwenye povu ili nikayaone mawingu. Niliteleka sufuria bila maji. Jirani yangu, mjane anayelima ng'ambo ya ua wetu, aliniuliza kama kuna mgeni ninayemtarajia. Nikamwambia nangojea viazi viamke.

Kwa asiyelima, nieleze kidogo. Kiazi kikitoka shambani hulala. Ukikizika kabla hakijaamka, utakimwagilia na kukiombea bure, kitakaa tu kama jiwe. Lazima kwanza macho yake yatoe vichipukizi vifupi, vinene, vyenye nguvu. Anayetaka viazi vya mapema hupanda vilivyoamka, tena hupanda kwenye udongo mkavu, mvua ikiwa bado ni harufu tu. Tone la kwanza linakikuta kiazi kiko macho. Anayesubiri mvua inyeshe ndipo apande, huyo atavuna pamoja na wilaya nzima, na wiki hiyo broka, yule mchuuzi anayenunua viazi langoni, hupita barabarani polepole, mkono nje ya dirisha, akichagua mlango wa kumdharau.

Mimi nilikuwa nimeshadharauliwa. Msimu uliotangulia nilipanda na wenzangu, nikavuna na wenzangu, na magunia yangu yakaoza langoni nikiyatazama. Mume wangu, ambaye ni dereva wa ofisi kule Embu na huja nyumbani mara moja kwa mwezi, aliyakuta yakitoa maji. Hakunigombeza. Alikaa kwenye jiwe la langoni akasema kuna mtu wa ngano anayelitaka lile shamba, kutoka kwenye tangi la maji hadi kwenye miti ya misedari, ili alikodi na kuliunganisha na mashamba yake makubwa. Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimekata maua kwenye nyumba za plastiki miaka mingi, nimesimama kutwa nzima nikihesabiwa mashina, na siku niliyoacha niliapa sitarudi. Lile shamba ndilo lililonitoa huko.

"Sawa," akasema. "Msimu mmoja. Ukiwa umepanda yote kabla ya mvua, shamba ni lako, sitakuuliza tena. Mvua ikikupata hujapanda, hiyo shamba naipatia mtu wa ngano, na wewe utarudi kwa maua. Mimi siwezi kulisha viazi za kuoza."

Nilikubali haraka, kwa kuwa nilijua siri ya mapema ni mbegu, na mbegu tulikuwa nayo. Ilikuwa ya baba yake.

Baba mkwe wangu aliishi kwenye nyumba ya mbele, ng'ambo ya kiwanja, peke yake tangu mama mkwe alipofariki. Alikuwa mzee mrefu, mtani, mwenye redio iliyofungwa kwa mpira na kofia asiyoivua ila kwa sababu ya Mungu. Viazi vyake vilikuwa vile vyekundu vya zamani, ambavyo watu wameviacha kwa sababu hulala muda mrefu, ila vikiamka havina mpinzani. Alivichagua mwenyewe wakati wa kuvuna, kila kimoja ukubwa wa yai la kuku, akavitia kwenye magunia. Mimi nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya wakulima pale sokoni, nikaonyeshwa jinsi mbegu inavyotandazwa kwenye trei, kwenye mwanga usio wa jua kali, ili ichipue vizuri. Nilikuwa hata nimeshaomba makreti kwa yule mjane. Nikampelekea Baba habari hiyo kwa furaha.

"Mbegu ya hapa hulala chini ya kitanda yangu," akasema. "Mama yenu aliiweka hapo miaka yote. Ukitaka ya kulala kwa veranda, nunua ya watu wa veranda."

Ikawekwa chini ya kitanda chake. Mbegu ilikuwa yake, ningesema nini? Mume wangu ndiye aliyeyaingiza magunia, kisha akapanda gari la Embu.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, maana kwetu mke wa mwana hakanyagi chumba cha kulala cha baba mkwe. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Nilikuja kuolewa nikaikuta hali hiyo, nami nikaingia ndani yake bila kuuliza. Nilifagia sebule yake kila siku hadi kwenye pazia la mlango wa chumba, na kwenye pazia ufagio uligeuka. Shuka zake alinipitishia pembeni ya pazia zikiwa zimefungwa, nikafua, nikazirudisha hivyo hivyo. Wajukuu wangeweza kuingia, lakini wanangu walikuwa shule za bweni. Kwa hiyo mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuviona viazi vyangu, na huyo mtu alikuwa hana haraka.

Kila asubuhi nilimpelekea chai kwenye veranda, alipokuwa akikaa na redio yake.

"Baba, umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Na viazi?"

"Hizo bado zimelala. Zinakushinda wewe siku ya sikukuu."

Nilicheka siku za kwanza. Baadaye nikawa nacheka kwa meno tu. Niliomba afungue dirisha la chumba, mwanga uingie. Akasema baridi ya Timau ikiingia ndani haitoki. Niliomba aniletee kiazi kimoja nikione. Akasema kiazi si mtoto mchanga wa kupitishiwa wageni. Nikamwuliza kama ameviangalia kweli leo, na hapo akaongeza sauti ya redio, akaniambia bei ya mbolea imetangazwa, nisikilize.

Nilimpigia mume wangu simu.

"Muulize babako hizo mbegu ziko aje."

"Si uko hapo karibu?"

"Nitaingia aje kwa room yake?"

Hilo alilielewa. Akampigia baba yake, kisha akanipigia. "Anasema zimelala. Sasa wewe unataka aziamshe na kengele?"

Wakati huo nilikuwa nimeshalilima shamba mara mbili. Nilikuwa nimebeba samadi iliyooza kutoka zizini, nimeipanga mafungu mafungu kwenye mistari. Nilichimba mitaro, kisha upepo ukaijaza vumbi, nikaichimba tena. Wakati mwingine nilikwenda kusimama tu katikati ya lile shamba tupu, mikono kiunoni, kwa sababu ndani ya nyumba roho ilikuwa inanitoka. Yule mjane alishaanza kupanda vyake. Nilimtazama juu ya ua akidondosha mbegu na kufukia, akidondosha na kufukia, na nikamchukia kidogo, ingawa hajawahi kunikosea lolote.

Jumapili nilikwenda kanisani. Mchungaji alitwambia tusimame tuombe mvua, kwa kuwa ng'ombe wamekonda na visima vimeshuka. Kanisa zima likainua mikono. Nami niliinua yangu, na chini chini, nikiwa nimekunja uso kama mcha Mungu wa kweli, nikamwomba aizuie. Nilimwambia aiweke pale pale juu ya mlima, aishike hata wiki mbili. Mama aliyekuwa karibu nami alikuwa akilia kwa ajili ya ndama wake. Niliona aibu, lakini sikubadilisha ombi.

Halafu jioni moja mlima ukanguruma. Haukunyesha, ulinguruma tu, mrefu, na harufu ya udongo ikapita. Sikula. Kulipokucha nilitoka na chai mapema kuliko kawaida, nikiwa nimeamua kuwa leo nitamwambia Baba maneno yote, heshima baadaye.

Veranda ilikuwa tupu. Redio ilikuwa kimya.

"Baba?"

"Niko." Sauti ilitoka nyuma ya pazia, lakini ilitoka chini kuliko inavyotoka sauti ya mtu aliye kitandani.

"Nimeleta chai."

"Weka kwa meza."

Nikaiweka, nikangoja. Chai ikashika utando juu. "Baba, inapoa."

"Iache ipoe."

"Baba, uko chini?"

"Niko chini. Sijaanguka. Nilisikia radi nikataka kuvuta hiyo gunia. Kukaa chini nimeweza. Kusimama ndiyo magoti imekataa."

Nilitaka kumwita mtu. Wanaume wote wa upande wetu walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na malori ya mashamba makubwa, na mjane alikuwa mwanamke kama mimi. Nikamwambia nitakwenda barabarani nimsimamishe mtu wa bodaboda.

"Ukileta mtu wa boda," akasema, "kabla ya saa ya lanchi Timau yote itajua nimeokotwa. Niache. Nitainuka polepole."

Sikujua amekaa pale tangu saa ngapi. Nilisimama na mkono kwenye pazia, nalishika, naliacha. Nilitembea hadi mlangoni nikarudi. Kisha akasema jambo ambalo nafikiri alilisema kwa kuwa alikuwa amechoka.

"Hizo viazi ziliamka kitambo. Nilikuwa nakuambia zimelala sababu siwezi kuinama kuziona. Tangu muweke sijawahi kuziona, mpaka leo nimekaa hapa chini."

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakalia. Nilifikiria mitaro ile niliyoichimba na kuichimba tena, nyumba za plastiki, mashina ya maua, yale maombi yangu ya kinyume kanisani. Hasira hiyo ndiyo iliyonivusha pazia. Ningependa kusema ilikuwa huruma, lakini huruma ilikuja nikiwa nimeshaingia.

Alikuwa ameegemea kitanda, miguu imenyooka mbele yake kwenye simiti baridi, kofia kichwani. Nilipovuka kizingiti alifunga macho kwa nguvu.

"Mimi nimefumba," akasema. "Sijaona mtu akiingia."

"Na mimi sijaona chumba," nikasema.

Nikamshika chini ya makwapa, uso wangu nikiwa nimeugeuzia ukutani. Nilijiandaa kuinua mzee mrefu. Alikuja juu kwa urahisi hata nikayumba; chini ya lile koti kubwa palikuwa na mtu mdogo sana. Nikamkalisha kitandani. Bado alikuwa amefumba macho. Nikapiga magoti, nikaangalia chini ya kitanda.

Gunia la kwanza lilikuwa limeota ndevu. Vichipukizi vyeupe, virefu, vyembamba, vilikuwa vimepenya matundu ya gunia na kutambaa sakafuni vikitafuta mwanga wa chini ya pazia. Vingine vilikuwa vimepanda katikati ya mbao za kitanda na kugusa godoro. Viliumana na kusokotana gunia kwa gunia. Mbegu ya hivyo ukiivuta inakatika yote, na ikikatika inaanza upya, na kuanza upya ni wiki nyingi. Nilikaa kwenye simiti nikalia.

Baba alisema nikate tu, mama yenu alikuwa akikata. Nikamwambia mama alikuwa na wiki za kungoja, mimi sina. Halafu, bila kuulizwa, akanieleza yaliyobaki. Wakati wa Krismasi mume wangu alikuwa amemwambia kwamba siku atakayoona Baba hajimudu, atamhamishia Embu, kwenye nyumba yake ya kupanga, ghorofani, mlango mmoja unaotazama mlango wa mtu mwingine. Magoti yalikuwa yameanza kukataa hata kabla ya hapo. Ndiyo maana alikuwa akivaa gambuti muda wote, hazina kamba za kufunga.

"Huko nitakufa na kukaa," akasema. "Usimwambie."

"Sitasema," nikamwambia. Nililisema neno hilo nikitazama vile vichipukizi, nikiwaza jinsi ya kuvitoa, na sikulipima.

Nilikata magunia kwa kisu badala ya kuyavuta. Nikavitoa viazi pamoja na ndevu zake, nikaviweka kwenye uteo safu moja moja, nikavipeleka kwenye veranda. Huko Baba alikaa na kazi aliyoijua. Vidole vyake havikuwa na tatizo la magoti. Alitenganisha kichipukizi na kichipukizi akiwa ameinamia uteo, taratibu mno, akinong'ona navyo kwa Kimeru, na nilipojaribu kumsaidia nilivunja vingi, akanifukuza. Vilivyovunjika aliviweka kando. Vilivyobaki tulivitandaza kwenye makreti ya mjane, kwenye ule mwanga wa veranda alioukataa mwanzoni, ili viwe kijani na kukakamaa kabla ya kuguswa na udongo. Hakusema lolote kuhusu watu wa veranda, nami sikumkumbusha.

Siku zile chache sikumbuki nilikalia nini. Mawingu yalishuka hadi kwenye misedari, yakapanda tena. Nilikuwa naenda kuvigusa viazi kwa kidole kila nilipopita, na Baba ananiambia niache kuvipapasa, vitaona haya. Vilipoanza kugeuka rangi sikuweza kungoja zaidi. Nikamwomba mjane anisaidie, tukaanza juu, kwenye tangi la maji. Mtaro ulitakiwa kuwa wa kina zaidi ya kawaida. Kiazi hakikudondoshwa, kililazwa ubavu, vichipukizi vimenyooshwa kwenye mtaro mmoja mmoja, kisha udongo unawekwa kwa mkono, jembe lisiguse. Mjane alisema hajawahi kuona viazi vinavyolazwa na kufunikwa blanketi. Baba alikuwa amekalia kreti mwisho wa mtaro, akitupitishia kwa mkono vilivyo tayari, kimoja kimoja, na tulikwenda kwa mwendo wa konokono.

Tulikuwa tumevuka katikati ya shamba mvua ilipotushukia. Haikuanza na manyunyu. Ilikuja kutoka mlimani kwa sauti, tukasimama tukaitazama, ikatufika. Nilimwinua Baba tukakimbia naye, yaani mimi nilikimbia na yeye akaning'inia. Nyuma yetu mitaro ya chini ilijaa maji, mitupu, hadi kwenye misedari. Ilinyesha siku iliyofuata, na iliyofuata. Kutoka kanisani nilisikia wakiimba shukrani.

Mume wangu alifika Jumamosi, suruali imekunjwa, matope hadi magotini. Nilijua kwa matope hayo kwamba alikuwa ameshapitia shambani. Tulikuwa sebuleni kwa Baba, mimi namimina chai, Baba kwenye kiti chake. Alitusalimu vizuri. Akaulizia afya ya baba yake, akaambiwa ni njema. Akanywa nusu kikombe.

"Shamba haijaisha," akasema.

"Imebaki chini," nikasema.

"Mvua imekupata."

"Imenipata."

"Mtu wa ngano ako kwa jirani na trekta. Anataka jibu leo." Aliweka kikombe. "Hebu niambie, ulikuwa unangoja nini? Mwezi mzima ulikuwa na jua. Mbegu ilikuwa hapa hapa nyumbani."

Nilimtazama Baba. Baba alikuwa anatazama mpira wa redio yake. Maneno yalinijaa mdomoni. Yalikuwa mafupi na ya kweli, na yangetosha. Nikayameza.

"Nilichelewa," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nilichelewa tu."

Hakuwa mtu wa makelele, na siku hiyo nilitamani angekuwa. Alitikisa kichwa kama anavyofanya gari linapokataa kuwaka. "Basi tulipatana," akasema, na akatoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Niliona nyumba za plastiki, lile joto la ndani, saa ya lanchi ya kukimbizana, na nikasikia chuki kwa ile ahadi yangu na kwa yule mzee aliyenyamaza.

Baba alishika mikono ya kiti. Akajisogeza mbele hadi ukingoni, akajiachilia, akashuka kwa magoti yote mawili katikati ya simiti, kwa kishindo. Akavua kofia.

Mume wangu alikulia katika nyumba hiyo. Mzee akipiga magoti, watu wote huomba, iwe ni kabla ya chakula, kabla ya safari, au kabla ya neno zito. Aliiweka simu mezani, akavua kofia yake, akainamisha kichwa na kufumba macho. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Alingoja. Mimi sikufumba. Nilimwona Baba akijaribu mara moja kuinuka, kiganja kwenye simiti, na akiacha. Mume wangu aliendelea kungoja dua ianze.

"Fungua macho," Baba akasema. "Siombi."

Akafungua.

"Nimepiga magoti na siwezi kuinuka. Tangu kabla ya Krismasi siwezi. Mbegu ilikuwa chini ya kitanda na sikuweza kuinama niione, na nikamdanganya huyu msichana kila siku ati imelala. Hajachelewa yeye. Mimi ndio nimemchelewesha." Alipumua. "Sasa hiyo shamba umwachie. Mimi unichukue unipeleke mahali unataka."

Mume wangu alikaa akimtazama baba yake pale sakafuni, kofia mkononi. Kisha akaenda akamwinua, na nilimwona akijiandaa kwa uzito ambao haukuwepo. Alimkalisha kwenye kiti, akamkung'uta magoti yote mawili, taratibu, ingawa hayakuwa na vumbi.

Alitoka na simu kwenye veranda. Kelele za mabati hazikuniruhusu kusikia yote, lakini nilisikia hapana, na nilisikia pole sana. Aliporudi alimwuliza baba yake kama ana nguo za kutosha. Akasema Embu si baridi kama huku, koti kubwa anaweza kuliacha. Baba akasema koti ataenda nalo.

Mvua ilipokatika nilichukua jembe nikashuka kwenye mitaro ya chini, nikaanza kuyatoa maji. Nilifurahi. Nililia pia, lakini nisidanganye, nilifurahi sana. Kutoka pale chini nilisikia redio ikizimwa, kisha mume wangu akiuliza kama kuna begi lolote ndani ya nyumba, na Baba akimjibu kwamba hajawahi kuhitaji.